Tiba Isiyohesabiwa: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Tiba ya Saratani Mlima Kenya

Kwa Bodi ya Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, mawaziri wa afya wa kaunti za Mlima Kenya, na kamati za afya za mabunge ya kaunti hizo.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu jambo ambalo likitajwa hadharani huzua mguno: majaribio ya kitabibu katika tiba ya saratani mjini Nyeri. Mguno huo una historia yake, nami sitauruka. Lakini niseme kwanza ninachokidai. Kituo cha saratani kinachotegemewa na watu wa Karatina, Othaya, Mukurweini, Nanyuki na Kerugoya kinapaswa kuwa na kazi mbili, zote zimeandikwa katika mpango wake na zote zimetengewa fedha. Ya kwanza ni kutibu. Ya pili ni kujua, kwa hesabu iliyoandikwa, ni tiba gani inayowafaa watu hao na kwa kipimo gani. Hii ya pili tumezoea kuwaachia wengine, tukidhani ni anasa ya nchi tajiri. Nadai kwamba mgonjwa anayepewa dawa ambayo kipimo chake, muda wake na madhara yake havijawahi kuchunguzwa kwa watu wa hali yake tayari yumo ndani ya jaribio. Kinachokosekana ni ridhaa yake, mtu wa kumfuatilia akisharudi nyumbani, na daftari ambalo lingemfaa mgonjwa wa kesho.

Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2022 yaliipa Kenya wagonjwa wapya 44,726 na vifo 29,317, yaani karibu vifo viwili kwa kila wagonjwa wapya watatu. Hata makadirio hayo yanaegemea zaidi rejista za Nairobi na Eldoret, kwa hiyo sura ya saratani ya Mlima Kenya kwa kiasi kikubwa ni ya kuazima. Sababu za vifo zinazotajwa kila mara ni kuchelewa kufika hospitalini, uhaba wa mashine, na fedha kuisha kabla ya dozi kuisha. Zote ni za kweli. Ipo nyingine isiyotajwa sana: miongozo ya tiba tunayoifuata imejengwa juu ya majaribio ya watu ambao wengi wao waligunduliwa mapema, wanaishi karibu na hospitali na hawalipi kila kipimo kutoka mfukoni. Daktari wa Nyeri anapoufungua mwongozo huo hana budi kukisia. Mgonjwa aliye mbele yake amefika na uvimbe wa hatua ya tatu, damu ni pungufu, na nauli ya kurudi baada ya wiki tatu inategemea malipo ya majani chai. Apunguze dozi? Aruke mzunguko mmoja? Atumie dawa iliyopo famasia leo badala ya ile iliyoandikwa? Anaamua, na mara nyingi anaamua vyema, lakini uamuzi wake unafungwa ndani ya faili na hakuna anayeusoma tena.

Chukueni mfano wa seli nyeupe za damu, kwa sababu ndipo gharama ya kukisia inapoonekana waziwazi. Kabla ya kila mzunguko wa tibakemikali mgonjwa hupimwa damu. Nyutrofili, seli zinazopambana na bakteria, zikiwa chini ya mpaka uliowekwa, ambao mara nyingi ni 1,500 kwa mikrolita, dawa huahirishwa au hupunguzwa. Mipaka ya namna hiyo ilitokana na damu ya watu wa Ulaya na Marekani. Watafiti waliopima damu ya watu wenye afya huko Kericho na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008 walikuta viwango vya kawaida vya nyutrofili vikiwa chini kuliko vile vya Marekani. Sababu kubwa inajulikana: wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara wamerithi badiliko katika jeni la Duffy, ambalo huwakinga dhidi ya aina moja ya malaria na pia hupunguza nyutrofili katika damu inayozunguka, bila dalili kwamba linadhoofisha kinga ya mwili. Basi mama anaondoka Naro Moru alfajiri, anapimwa, anaambiwa seli zimeshuka arudi wiki ijayo, ilhali huenda hazikushuka kamwe. Huenda ndivyo damu yake ilivyo tangu kuzaliwa. Tibakemikali inayoahirishwa tena na tena hupungukiwa nguvu. Je, apewe dawa akiwa na 1,100? Kwa kukisia, hapana, maana yule ambaye seli zake zimeshuka kweli anaweza kushikwa na homa usiku akafa kabla ya kupata gari. Swali hili litajibiwa na jaribio la hapa hapa, linalolinganisha mipaka miwili kwa uangalifu, likiwa na nambari ya simu inayopokewa saa nane za usiku. Mtafiti wa Boston hana sababu ya kulifanya kwa niaba yetu.

Swali jingine ni la safari na fedha, mambo ambayo kwa mgonjwa wa hapa hayatenganishiki. Kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma yenye mashine za mionzi, na mgonjwa wa Nyeri alisafiri kilomita 150 hivi au alitafuta pa kulala Nairobi kwa wiki kadhaa. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio la FAST-Forward, lililokuwa na wagonjwa 4,096 wa saratani ya matiti: vipindi 5 vya mionzi katika wiki moja havikuwa duni kuliko vipindi 15 katika wiki tatu. Mwaka mmoja kabla yake, jaribio jingine la Uingereza, PERSEPHONE, lililokuwa na wagonjwa 4,089, lilionyesha kwamba miezi 6 ya dawa ya trastuzumab, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Herceptin, haikuwa duni kuliko miezi 12. Angalieni aliyegharamia maswali hayo: fedha za umma, kupitia taasisi ya taifa ya utafiti wa afya. Kampuni ya dawa haina haraka ya kuthibitisha kwamba nusu ya dawa yake inatosha. Kwetu, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipoanza kazi Oktoba 2024 iliiwekea saratani kikomo cha shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka, na familia inayofikia kikomo inajua kinachofuata, harambee kwanza, kisha shamba. Nchi inayohesabu shilingi namna hii ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza kuuliza kama muda mfupi au dozi ndogo inatosha.

India imeshauliza. Mwaka 2023 Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilichapisha jaribio la wagonjwa 151 wa saratani ya kichwa na shingo ambao ugonjwa wao haukuwa tena wa kuponyeka. Kundi moja liliongezewa nivolumab, dawa ya kuamsha kinga ambayo bei yake inatisha, kwa miligramu 20 tu, chini ya sehemu moja ya kumi ya kipimo cha kawaida. Baada ya mwaka mmoja asilimia 43 ya kundi hilo walikuwa hai, dhidi ya asilimia 16 ya wale wasioongezewa. Mwaka 2024 likatoka jaribio la INTERLACE, la Uingereza, Mexico, India, Italia na Brazil, lililoonyesha kwamba wiki 6 za carboplatin na paclitaxel kabla ya mionzi ziliongeza sehemu ya wanawake wa saratani ya mlango wa kizazi waliokuwa hai baada ya miaka mitano kutoka asilimia 72 hadi 80. Dawa zote mbili ni za zamani na zinajulikana katika hospitali zetu, zinapokuwepo. Hakuna nchi ya Afrika iliyoshiriki, ingawa Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo ambako saratani hiyo inaua zaidi duniani. Wengi wa washiriki walikuwa katika hatua ya pili. Wagonjwa wetu wengi huja wakiwa wamechelewa zaidi, wengine figo zimeanza kuzibwa na uvimbe, wengine wanaishi na virusi vya UKIMWI. Wiki hizo sita zitawasaidia, au zitachelewesha mionzi bure? Hilo ndilo swali ningependa kuliona limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa jaribio la Nyeri: dawa za bei nafuu, wagonjwa waliopo, jibu litakalotumika hapa na Kampala na Mwanza.

Atakayesema miji yetu haiwezi kazi ya namna hii aangalie Thika, iliyo kwenye barabara hiyo hiyo ya kutoka Nyeri kwenda Nairobi. Kliniki ya utafiti ya mji huo ilikuwa miongoni mwa vituo vya Partners PrEP, jaribio la Kenya na Uganda lililohusisha jozi zaidi ya 4,700 za wanandoa na kuthibitisha kwamba kidonge cha kila siku humkinga mwenzi asiye na virusi vya UKIMWI. Thika ikarudi tena katika KEN SHE, ambalo Dkt. Nelly Mugo wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, alikuwa mmoja wa viongozi wake. Wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 waliandikishwa Thika, Nairobi na Kisumu ili kujua kama dozi moja ya chanjo ya virusi vya HPV inatosha. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kinga ya asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili za virusi hivyo zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi, baada ya miezi 18. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilikubali matumizi ya dozi moja. Nchi nyingi ambazo hazikuwa na uwezo wa kununua dozi mbili zimepata ahueni kutokana na mabinti waliopanda ngazi za kliniki ya Thika, na sioni kwa nini jambo hilo halisomeki kama fahari kubwa kuliko ushindi wa mbio za nyika.

Hapo pingamizi la kwanza linajitokeza: hao walikuwa wazima waliopewa chanjo, na hawa ni wagonjwa wa saratani; tusiwafanye panya wa majaribio. Historia inawapa haki wanaosema hivyo. Mwaka 1996, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer iliwajaribia watoto wapatao 200 dawa ya Trovan, nusu yao wakipewa dawa nyingine ya kulinganisha. Watoto 11 walikufa, katika makundi yote mawili. Serikali ya jimbo ilidai kwamba wazazi hawakuelezwa ipasavyo. Kampuni ilikana kosa, na mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi. Kabla ya hapo, mwaka 2003, Kano ilikuwa imesimamisha chanjo ya polio, na kumbukumbu ya jaribio lile ilikuwa sehemu ya hofu hiyo. Kwa hiyo jaribio baya haliumizi washiriki peke yao. Linaweza kuua imani ya watu kwa kizazi kizima. Sisi wenyewe tuna doa la upande wa pili. Mwaka 1990 serikali ilitangaza kwa shangwe kwamba Kemron, dawa iliyofanyiwa kazi KEMRI, ilikuwa ikiwainua wagonjwa wa UKIMWI. Ushahidi ulitoka kwa wagonjwa waliotibiwa bila kundi la kulinganisha. Majaribio yaliyodhibitiwa yaliyofuata, likiwemo la Uganda, hayakuona faida yoyote. Waliouza ng'ombe kununua matumaini hayo nao walifanyiwa majaribio, na hakuna aliyewaomba sahihi.

Jaribio lililodhibitiwa vyema lina breki ambazo tiba ya kawaida haina. Katika utafiti wa saratani ya Kaposi uliofanywa katika nchi tano za Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na Brazil, na kuchapishwa mwaka 2020, wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI waligawiwa tiba tatu zilizokuwa zikitumika katika nchi maskini. Kamati huru iliyokuwa ikichungulia takwimu iliona kwamba waliopewa etoposide walikuwa wakifanya vibaya kuliko waliopewa paclitaxel, na kundi hilo likafungwa mapema. Baadaye likafungwa pia lile la bleomycin na vincristine. Sasa jiulizeni: mgonjwa aliyekuwa akipewa etoposide nje ya utafiti ule, katika hospitali yoyote ya kawaida, nani alikuwa akimchungulia?

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitaki kulipita haraka. Ridhaa ya maskini ina thamani gani? Mgonjwa aliyefikia kikomo cha SHA mwezi wa Septemba, aliyekwisha kufanyiwa harambee mara mbili, atatia sahihi karatasi yoyote itakayomfungulia mlango wa famasia. Ukimweleza kwamba atapangiwa kundi kwa bahati nasibu, atasikia tu kwamba kuna dawa. Wanaosema sheria zipo wanasema kweli: Bodi ya Dawa na Sumu lazima iidhinishe jaribio la dawa, kamati ya maadili iliyosajiliwa lazima ilipitie, na washiriki lazima wawe na bima ya madhara. Lakini hakuna kati ya masharti hayo linalomwongezea mgonjwa mlango wa pili. Jibu langu ni kwamba mlango huo muufungue ninyi kabla ya kumleta mtafiti yeyote. Isiwepo Nyeri tiba ya kawaida ambayo mgonjwa ataipata kwa kujiunga na utafiti tu. Majaribio ya kwanza yalinganishe njia mbili ambazo zote zinapatikana, ili anayekataa aondoke na tiba ile ile kwa bei ile ile na asitazamwe vibaya na muuguzi. Fomu isomwe kwa sauti kwa Kiswahili, Gikuyu au Kimeru, mgonjwa aende nayo nyumbani, azungumze na watu wake, arudi siku nyingine. Nauli na vipimo vya utafiti vilipwe. Kiasi cha kumfanya mtu auze uamuzi wake kisilipwe. Sharti hili la mlango wa pili litazuia baadhi ya majaribio ya kuvutia, hasa yale ya dawa mpya ghali. Na yazuiwe, angalau kwa miaka ya mwanzo.

Isidhaniwe kwamba swali likiwa la bei nafuu basi limetakata. Mumbai hiyo hiyo ninayoisifu ilifanya utafiti mkubwa wa uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa siki, wa wanawake zaidi ya 150,000, na kuonyesha kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 31. Ni matokeo makubwa. Lakini kundi la kulinganisha lilipewa mafunzo tu bila uchunguzi, ingawa ilikuwa inajulikana kwamba uchunguzi wa seli za mlango wa kizazi huokoa maisha, na wakosoaji walihoji kwa ukali kama jambo hilo lingeruhusiwa katika nchi tajiri. Nami nahoji. Watetezi walijibu kwamba wanawake hao wasingechunguzwa hata kama utafiti haungekuwepo. Hoja hiyo ni ya hatari kwetu kwa sababu inaweza kuhalalisha karibu kila kitu: umaskini wa mahali unageuzwa kuwa kipimo cha haki ya watu wake. Kamati ya maadili itakayokaa Nyeri iikatae mapema, kwa maandishi, kabla haijaletewa na mtu mwenye fedha.

Kuna wanaouliza kwa nini tusiwaachie Nairobi, ambako kuna Hospitali ya Aga Khan, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Kahawa ambayo hata jina lake limebeba neno utafiti. Wafanye, na wafanye zaidi. Lakini mgonjwa anayefika Nairobi ni yule ambaye familia yake iliweza kumfikisha. Utafiti wa Nairobi utamwacha nje yule yule ambaye mwongozo wa Ulaya ulimwacha nje, na hautatuambia lolote kuhusu athari za umbali kwa sababu washiriki wake wameshaushinda umbali. Upande mwingine wapo wanaosema Nyeri haina uwezo: dawa huisha, wahudumu ni wachache, migomo haiishi. Hawa wana hoja. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na ule wa mwaka 2024 siku 56; jaribio la tibakemikali likikatizwa kwa muda kama huo limevunjika, na wagonjwa wake wamedhurika. Kwa hiyo lisianzishwe jaribio lolote kabla dawa zake za kipindi chote hazijawa ghalani, na kabla wauguzi na madaktari hawajasaini makubaliano ya huduma ya chini kabisa wakati wa mgomo. Kaunti isiyoweza kutoa ahadi hizo mbili haina haki ya kuomba ridhaa ya mgonjwa. Ila nisisitize kwamba ahadi hizo hizo zinamfaa mgonjwa asiye katika utafiti, ambaye kwa sasa hana hata moja.

Nimeacha kwa makusudi suala la fedha za wageni hadi hapa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo, na katika saratani Afrika Mashariki imewahi kumpata mgeni wa aina hiyo. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago mwaka 1967 kwa msaada wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Chini ya daktari kijana John Ziegler, watoto wenye limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt alikuwa ameueleza mwaka 1958, waliingizwa katika majaribio yaliyopangwa kwa umakini, na Kampala ikasaidia kuifundisha dunia jinsi ya kuchanganya dawa za saratani. Mwaka 1972 Ziegler na Burkitt walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa tuzo ya Lasker. Mwaka huo huo, Idi Amin akiwa madarakani, Ziegler aliondoka pamoja na msaada wa Marekani, na Charles Olweny akabaki kuiendesha taasisi katika miaka ambayo hata kuiweka wazi milango yake ilikuwa ushujaa. Miongo minne baadaye, mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa papo hapo Mulago, iliharibika kabisa, na nchi nzima ikakaa zaidi ya mwaka bila tiba hiyo. Mahali palipoandika vitabu vya dunia palishindwa kumpa mgonjwa wake mionzi. Siwalaumu Waganda. Nasema utafiti uliobebwa na mkoba wa nje huondoka na mkoba huo, na ndiyo maana sitaki kuona kituo cha Nyeri kikianza kwa mkataba uliosainiwa Geneva au Seattle huku kaunti ikichangia chumba tu.

Kuna pia suala la baada ya jaribio. Azimio la Helsinki, lililopitishwa mwaka 1964 na kufanyiwa marekebisho mara ya mwisho Oktoba 2024, linataka mipango ya kuwapa washiriki tiba iliyothibitika kuwafaa ifanywe kabla jaribio halijaanza. Partners PrEP ilitoa jibu lake Julai 2011, wakati kamati huru iliposimamisha kundi la kidonge bandia. Mpango wa taifa wa kidonge hicho nchini Kenya ulizinduliwa Mei 2017. Washiriki wenyewe walipewa. Majirani zao wa Thika walisubiri karibu miaka sita kwa kitu ambacho mji wao ulisaidia kukithibitisha. Kwa saratani, miaka sita ni muda mrefu kuliko maisha ya wengi wanaogunduliwa leo. Kwa hiyo kila mkataba wa utafiti utakaosainiwa Nyeri utaje ni nani atakayeinunua tiba hiyo kwa kaunti zinazozunguka mlima ikithibitika, kwa bei gani, na kuanzia mwezi gani. Mfadhili asiyetaka kuandika hilo ashukuriwe na kusindikizwa hadi stendi.

Ninachoomba mwaka huu si jengo. Ni rejista ya saratani ya eneo zima inayomfuata kila mgonjwa angalau miaka miwili baada ya tiba, kwa simu au kupitia wahudumu wa afya ya jamii, huku siri zake zikilindwa kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ni wauguzi wachache wa utafiti na karani wa takwimu wanaolipwa na kaunti zenyewe. Ni kamati ya maadili ambamo wagonjwa na waliowahi kuugua wana kura. Na ni agizo kwamba kila jaribio lisajiliwe hadharani kabla ya mgonjwa wa kwanza na matokeo yake yasomwe kwa wenyeji hata yakiwa ya aibu. Bila rejista hiyo, msikubali jaribio lolote, hata la kampuni yenye nia njema, maana hamtaweza kujua kama limewasaidia watu au limewahamisha tu kutoka safu moja ya jedwali kwenda nyingine. Makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa mbele ya mabunge kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi huitwa kutoa maoni. Tutakuja. Tutatafuta mstari wa rejista na wa wauguzi hao katika kitabu cha makadirio, na tusipouona tutaomba sababu zake kwa maandishi chini ya Ibara ya 35 ya Katiba.

Mwananchi na mlipa kodi,
Nyeri